Nati Mbili za Kiroboto

Kigari kilikuwa kimehifadhiwa chini ya paa la mabati nyuma ya kituo cha polisi, kati ya basi lililoungua na lundo la pikipiki zisizo na wenyewe, na kwa udogo wake turubai moja tu lilitosha kukifunika hadi magurudumuni. Mkaguzi wa magari alishika pindo la turubai akalivuta taratibu, kama mhudumu wa chumba cha maiti anayemfunulia ndugu uso wa mtu wake.

"Huyu hapa Kiroboto," alisema. "Jina limemkaa sawasawa. Mdogo, mrukaji, na humtambui mpaka ameshakuuma."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mazoea ya kuweka mikono nyuma anapokitazama kitu kwa mara ya kwanza, ili asikiguse kabla ya kukiona. Alikizunguka kigari namna hiyo, mguu kwa mguu, huku Koplo akimfuata na jalada kwapani.

"Afande, mtu ameshakiri," alisema Koplo. "Amesema, imeandikwa, ametia sahihi. Kesho asubuhi anasomewa shtaka la mauaji. Sisi hapa tunatafuta nini tena?"

"Kinacholingana na alichokiri."

Mkuu wa kituo alikuwa amempa Inspekta siku hiyo moja tu, na hata hiyo aliitoa kwa shingo upande. Maelezo ya kesi yalionekana kujitosheleza. Jumapili, katika mbio za magari ya zamani za kupanda mlima, dereva ambaye mji mzima ulimwita Radi alifika kwenye kona ya tatu na kuendelea moja kwa moja, kana kwamba kona haikuwapo. Barabarani hapakuwa na alama yoyote ya breki. Kigari kilibiringika mteremkoni, na Radi alikutwa amekufa ndani yake. Wa kwanza kufika alikuwa mdogo wake, fundi aitwaye Kimya, ambaye ndiye aliyeitengeneza upya ile injini. Mashahidi watatu walimwona akichungulia dirishani, kisha badala ya kumtoa kaka yake, akafungua boneti na kuingiza mikono yote miwili kwenye injini. Majirani wa gereji yao walikuwa wamemsikia, wiki hiyo hiyo, akimfokea kaka yake kwamba atakuja kufa na gari hilo. Baada ya kukaa mahabusu bila kusema neno, jana alikuwa ameomba karatasi, akaandika kwamba amemuua.

Kwenye jalada kulikuwa pia na taarifa ya daktari wa uchunguzi wa maiti, ambayo nje ya kituo hakuna aliyeisoma. Radi alivunjika shingo, lakini damu yake ilikuwa nyekundu ya kung'aa isivyo kawaida, imejaa sumu itokayo kwenye moshi wa injini. Pombe haikuwamo hata tone. Daktari aliandika kwamba kwa kiasi kile cha sumu, dereva huenda alikuwa ameshazimia kabla gari halijaacha barabara.

"Watu wa pale mwanzo wa mbio walisema alikuwa amelewa," alisema Inspekta.

"Alitapika kando ya hema, afande. Akayumba. Wenzake wakamtania kwamba ameanza kusherehekea ushindi kabla ya mbio."

"Alikiendesha kigari hiki peke yake muda gani kutoka nyumbani hadi pale?"

"Zaidi ya saa mbili. Na mvua ilikuwa inanyesha njia nzima."

"Kwa hiyo vioo vilikuwa vimefungwa."

Koplo alifungua jalada, akaitafuta tena taarifa ya daktari.

Mkaguzi aliinua boneti. Paa la kigari lilikuwa limeshuka hadi usawa wa usukani, lakini pua yake ilikuwa karibu nzima, na injini ilionekana yote, safi kama vyombo vya harusi.

"Tazama kazi ya kijana," alisema, na sauti yake ilipoteza utani. "Hii injini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zisizofika arobaini. Hapa unaona zaidi ya themanini. Hedi, kifuniko cha juu ya injini, ameichonga ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Valvu ameweka kubwa. Kabureta ya kwanza, inayolisha injini petroli, ilikuwa na koo moja, jembamba kama la kuku. Hii ina makoo mawili, na inakunywa petroli kana kwamba hakuna atakayelipa. Petroli nyingi, moshi mchafu. Na kwa kuwa kabureta yenyewe ni ndefu na nafasi hakuna, akafanya hivi."

Alielekeza kidole nyuma ya injini. Ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha abiria ulikuwa umekatwa tundu la upana wa sahani. Kwa upande wa ndani, tundu lilizibwa kwa kipande cha bati kilichobandikwa kwa gundi ya mpira, na gundi ilikuwa imebanduka upande mmoja.

"Kawaida unachomelea boksi la chuma, unaziba kila upenyo," alisema Mkaguzi. "Hili ni la haraka haraka. Lakini bado halimuui mtu, mradi ekzosi, bomba la moshi, isivuje. Ikivuja hapa shingoni, hapa inapoungana na injini, moshi unapuliza moja kwa moja tunduni. Dereva anakuwa kama aliyeweka mdomo kwenye bomba."

"Na Kimya amekiri kwamba alilegeza nati za shingo hiyo."

"Mbili za mwisho, kulia na kushoto. Ndivyo alivyoandika."

Inspekta aliomba tochi na lenzi. Alipiga magoti juu ya gunia, akainama hadi paji la uso wake likagusa ukingo wa boneti, huku Koplo akipiga miayo nyuma yake.

"Zimekazwa," alisema hatimaye.

"Zimekazwa, ndiyo."

"Lakini masizi yametoka chini ya gasketi inayoziba maungio, yamechora ukuta mpaka tunduni. Nati ikiwa imekaza, masizi yanatoka wapi? Zilikuwa zimelegea injini ilipokuwa ikifanya kazi, na zimekazwa baada ya injini kuzima. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya pale mteremkoni. Hakwenda kulegeza. Alikwenda kukaza."

"Kufuta ushahidi," alisema Koplo. "Muuaji yeyote angefanya hivyo."

"Labda. Sasa njoo uone kingo zake."

Nati zilikuwa za shaba, laini kuliko chuma. Mkaguzi alichukua lenzi, akatazama, kisha akatoa sauti ya kuudhika, kama mtu aliyeonyeshwa kovu la kidonda kilichoshonwa vibaya.

"Hizi zimetafunwa na plaizi."

"Na juu ya alama za plaizi?"

"Mng'aro wa spana. Spana imepita baadaye, imelainisha meno ya plaizi lakini haikuyamaliza." Alimrudishia lenzi. "Inspekta, fundi wa injini hashiki nati ya shaba kwa plaizi. Ni sawa na daktari kukuchoma sindano kwa kutumia msumari. Kijana aliyechonga hedi ile, hata ungemlewesha, mkono wake ungetafuta spana."

"Watu wawili, basi. Mmoja alilegeza kwa plaizi, mwingine akakaza kwa spana."

Meno ya plaizi yalikuwa yameacha mistari midogo iliyopangana, na katikati ya mistari palikuwa na pengo, sehemu moja tupu, kwenye nati zote mbili. Inspekta aliipiga picha kila moja. Kisha akaenda kwenye mlango wa dereva, ambao ulikuwa umeng'olewa na kuegemezwa ukutani, akaingiza nusu ya mwili wake chini ya paa lililobonyea.

Kiti kilikuwa kipya. Ngozi nyeusi ya bandia, uzi mwekundu, mshono ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Inspekta alipapasa chini ya kiti akakuta vipete vya waya vinavyobana kitambaa kwenye fremu, akavimulika kimoja kimoja. Vilikuwa vimebanwa kwa nguvu, na kila kimoja kilikuwa na mistari midogo iliyopangana, yenye pengo katikati.

Alitoka, akajipangusa magoti.

"Kiti hiki alikishona nani?"

"Mama yao, afande," alisema Koplo. "Mama Viti. Ana cherehani yake pale pale gerejini, anashonea magari ya watu." Alisita. "Kwa nini unaniangalia hivyo?"

*

Kimya aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa bila mkanda wala viatu. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mafuta ya injini kwenye mistari ya viganja, yale ambayo sabuni haiyatoi tena. Aliketi bila kuambiwa.

"Ulilegeza nati mbili," alianza Inspekta.

"Ndiyo, afande."

"Kwa kifaa gani?"

"Spana."

"Ukiwa umesimama upande gani wa gari?"

"Mbele."

"Kwa nini mbili, na si zote?"

"Mbili zinatosha."

"Zinatosha kwa nini?"

"Kwa moshi kutoka."

"Na ulitaka moshi utoke ili kaka yako afe."

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo. Koplo haandiki vichwa."

"Ndiyo."

"Alikukosea nini?"

"Alikataa nisiendeshe hata mara moja. Gari nimetengeneza mimi, sifa anapata yeye."

"Ndiyo maana ukamwambia atakuja kufa nalo?"

Kimya alikwaruza kiganja kwa kucha. "Ndiyo maana."

Inspekta aliziweka picha mbili mezani, akazisukuma kwa ncha ya kidole. Kijana alizitazama mara moja tu, kisha akaangalia dirisha dogo lililoko juu ya kichwa cha Koplo.

"Fundi," alisema Inspekta, "hizi ni nati zako. Mimi sikusomea injini, lakini nina macho. Zimeng'atwa na plaizi. Wewe unatumia plaizi kwenye nati za shaba?"

"Nilikuwa na haraka."

"Plaizi hiyo iko wapi?"

"Niliitupa."

"Dakika moja iliyopita ilikuwa spana."

Kimya aliificha mikono chini ya meza.

"Ina jino moja lililovunjika," aliendelea Inspekta. "Pengo hilo hilo liko kwenye vipete vya kiti cha dereva. Sikuulizi nani alilegeza. Nakuuliza kitu kimoja: ulipomwona kaka yako amekufa, kwa nini ulikwenda kukaza?"

Kijana alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alipozungumza, sauti ilitoka kavu.

"Nilisikia pale walipoanzia. Injini ilikuwa inapuliza, pu, pu, pu, kama mtu mwenye pumu. Nikajua ekzosi inavuja. Nikampungia mkono asimame, akadhani namshangilia. Nilipofika chini nikafungua boneti nijue ni nini. Nikaona zile alama." Aligeuza viganja vyake akavitazama. "Nimekua nikiona zile alama, afande. Kwenye kila kiti cha gereji ile."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nani. Na nilijua kwa nini. Hakutaka kumuua. Hakutaka gari liende, basi. Yeye hajui habari za gesi. Anajua ekzosi ikivuja injini inakosa nguvu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, mezani, na mdomo umejaa chakula."

"Na yale maneno ya kufa?"

"Lile tundu. Nilimwomba Radi asubiri siku moja tu nichomelee boksi. Akasema boksi haliongezi nguvu, litafuata. Kila kisichoongeza nguvu kilikuwa kitafuata. Nikambandikia bati na gundi, na nikamwambia utakuja kufa nalo. Ningekataa kulikata tundu lile, nati zingelegea zote na asingekufa." Kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta machoni. "Kwa hiyo sidanganyi sana, afande. Nimeua nusu. Niachieni yote."

"Sheria haigawi hivyo."

"Nakuomba kitu kimoja. Mama anadhani Radi alikosea kona. Mtaani wanasema nilikata breki, na yeye hakubali, anawafukuza. Mwacheni hivyo hivyo. Akijua, atakufa akiwa anatembea. Mimi jela nitazoea, nina mikono. Yeye atazoea nini?"

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta aliziokota picha, akazirudisha kwenye bahasha moja baada ya nyingine.

"Utaandika maelezo mapya," alisema. "Ya kweli."

"Siandiki."

"Basi nitayatafuta kwingine."

"Afande!" Kimya alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Afande, wewe huna mama?"

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Gereji ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye shimo la kukagulia magari katikati. Upande wa mafundi kila kitu kilikuwa kimesimama. Upande wa pili, chini ya dirisha, cherehani ilikuwa ikilia. Mama Viti, mwanamke mnene wa umri wa kustaafu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, alikuwa akishona mgongo wa kiti cha lori.

"Karibuni. Kaeni hapo, lakini mwangalie sindano." Hakusimamisha gurudumu. "Mnanishangaa ninafanya kazi. Mwenye lori hakufiwa. Anataka kiti chake."

"Pole, mama," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa, binti yangu. Kimya anakula?"

"Kidogo."

"Mwambieni ni amri yangu."

Ukutani, juu ya cherehani, zana zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari. Inspekta aliomba plaizi, na mama akamwonyesha kwa kidevu. Alichukua kipete kipya kwenye kopo, akakibana, akakipeleka dirishani. Mistari ilikuwa imepangana, na pengo lilikuwa katikati. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akarudi kuketi, na kabla ya kuuliza lolote akamweleza mama haki zake: kwamba halazimiki kusema, kwamba anaweza kumwita wakili, kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika dhidi yake.

Cherehani ilinyamaza.

"Makubwa," alisema mama. "Haya, uliza."

"Kiroboto kilipokuwa hapa siku moja kabla ya mbio, nani alizigusa nati za shingo ya ekzosi?"

"Kwani Kimya amesemaje?"

"Amesema ni yeye."

"Mwongo huyo! Ni mimi." Alivua miwani, na uso wake ulikuwa na kitu kinachokaribia furaha. "Ndiyo mnayomshikilia? Zile nati? Si mlisema breki?"

"Hatukusema sisi. Alisema mtaa."

"Mtaa!" Aliufyonya. "Sasa sikiliza, na wewe kijana andika vizuri. Mwaka mzima nyumba hii haikuwa na neno lingine. Nguvu, nguvu, nguvu. Chai inapoa, wao wanachora kabureta juu ya meza yangu. Walidhani mwenye sindano hana masikio. Radi nilimwomba aache, nilimpigia mpaka magoti. Akanibusu, akaniambia, mama, gari hili lina nguvu kuliko hofu yako. Jumamosi wakaenda kuoga. Nikakumbuka Kimya alivyosema, kwamba shingo ya ekzosi ikivuja, hata uweke kabureta ya ndege, injini haivuti. Nikachukua plaizi nikazilegeza. Nilitaka ajikongoje, achekwe, arudi amenuna."

"Ulilegeza ngapi?"

"Mbili. Ya tatu mkono haukupita, hii mikono yangu iliyovimba." Aliitazama, na furaha ile ikaondoka usoni. "Ndiyo inayonikosesha usingizi. Ningeifikia ile ya tatu, gari lisingepanda mlima. Lisingeifikia hata hiyo kona. Mwanangu angekuwa ndani humu sasa hivi, hanisemeshi."

Kalamu ya Koplo ilisimama hewani. Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Maneno haya yatamtoa Kimya?"

Koplo alisimama ghafla, akamwomba Inspekta neno pembeni. Walisogea hadi kwenye ukingo wa lile shimo la magari.

"Asaini kwanza," alinong'ona. "Afande, nakusihi. Tumeshapata kila kitu. Ukimwambia sasa kilichomuua mwanawe, anaweza akaanguka hapo, au akakataa, na kesho kijana anasomewa mauaji. Asaini, halafu umwambie. Au asiambiwe na wewe kabisa."

"Atatia sahihi kitu asichokijua."

"Anajua alichofanya!"

"Hajui alichofanya, Koplo. Anajua nati mbili tu." Inspekta aliyachukua maelezo mkononi mwake. "Tukimpora sahihi hii, tutakuwa tumemtumia mama kumtoa mwana, bila ridhaa yake. Sitaki jalada la namna hiyo lenye jina langu."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

Alirudi akavuta kigoda, akaketi karibu kiasi kwamba magoti yao yaligusana. Alimweleza kwa maneno machache na ya wazi: moshi uliotoka pale nati zilipolegea, tundu lililokuwa nyuma yake, bati lililobanduka, sumu isiyo na harufu, damu aliyoiona daktari. Hakuongeza pole wala hakupunguza neno. Mama Viti alisikiliza bila kusogea, macho yake yakiwa kwenye kiti cha lori.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia afunge vioo. Alitaka kuacha wazi kidogo, nikamwambia funga, utaniharibia viti vyangu vipya." Alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, akakikunjua, akakikunja tena. "Aliteseka?"

"Daktari anasema alizimia kabla ya..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, binti yangu. Nimekuuliza."

"Aliumwa na kichwa. Alitapika. Alipewa maji, akakataa kujitoa mbioni. Baadaye alizimia, na hakusikia kitu tena."

"Ahsante." Alipumua kwa mdomo, mara kadhaa, kama mtu anayepandisha mzigo ngazi. "Kimya alijua?"

"Aliziona alama za plaizi yako. Alikaza nati ili wengine wasizione."

"Mtoto huyu." Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkono wa cherehani, na mgongo wake mpana ukatikisika bila sauti. Koplo aligeuka akatazama barabarani. Mama alipoinuka, alikuwa amenyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Una haki ya kukataa. Una haki ya kusubiri wakili."

"Nimesikia mara ya kwanza. Ukinidanganya nitajua: atatoka?"

"Shtaka la mauaji nitaomba liondolewe kesho hiyo hiyo. La kuharibu ushahidi litabaki, na lile tundu atalijibu. Sikuahidi kwamba atarudi nyumbani mara moja."

"Na mimi?"

"Wewe utaondoka na sisi leo."

Mama Viti aliandika jina lake kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, akakausha wino kwa ubavu wa kiganja. Kisha akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kiti cha lori, akaufunga mshono fundo ili usifumuke.

"Haya maelezo," alisema, "kesho yanasomwa mbele yake?"

"Yanasomwa kwa sauti. Hivyo ndivyo inavyofanyika."

"Basi nipelekeni kwake sasa. Asije akasikia kwa hakimu kwamba ninajua."

*

Jua la jioni lilikuwa bado linaingia kwenye ujia wa mahabusu walipofika. Askari wa zamu alifungua mlango wa chuma. Kimya, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la saruji, alimwona mama yake akasimama, tabasamu la kumpokea likianza. Halafu akamwona Inspekta nyuma yake na jalada mkononi, na tabasamu likafia njiani.

"Afande," alisema, "nilikuomba."

"Usimtazame yeye," alisema Mama Viti. "Nitazame mimi. Mimi ndiye mkubwa wako."

Kijana alimtazama. Chochote alichokiona kwenye uso ule, kilimfanya afunike mdomo kwa mikono yake miwili.

"Tundu ulilikata wewe, nati nilizilegeza mimi. Hakuna wa kumbebea mwenzake. Sogea nikae, miguu inauma."

Kimya alisogea. Mama aliketi, benchi halikuwatosha vizuri, na mabega yao yakabanana ukutani.

"Niwape dakika ngapi, afande?" aliuliza askari wa zamu kwa sauti ya chini.

"Mpaka wagonge mlango wenyewe," alijibu Inspekta, akauvuta mlango.